Fumua Nywele Kwanza

Huu ni mwezi wa pili tangu nistaafu, na mkono bado unanipanda kifuani kutafuta saa ya uuguzi. Naamka alfajiri, nasali, kisha nakaa kitandani nikisubiri mtu aniambie nani kalazwa. Hakuna mtu. Kuna paka tu, naye mzima wa afya.

Nyinyi vijana niliowaacha kituoni mmeniomba niwaandikie ya kazini. Ya vyeo na mishahara kamuulizeni karani, faili langu analo. Mie nitawaandikia vichwa: vilivyoanguka, vilivyogongwa, vilivyoangukiwa na nazi, na hasa kile kimoja nilichoogopa kukigusa. Someni mpaka mwisho, msiruke, maana nawajua.

Siku yangu ya kwanza mjini nilipangiwa wodi ya majeruhi. Nilikwenda na viatu vipya vinavyolia kwa kila hatua. Mkuu wa zamu alikuwa Bi Arafa, mwanamke mfupi wa mtaa wa Malindi ambaye sauti yake haikupanda hata akikutukana.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Hivyo viatu umekuja kuwauguza wagonjwa au kuwaamsha?"

Asubuhi ile ile akaletwa mkwezi aliyeponyoka mnazini. Alikuwa na mchubuko kidogo juu ya sikio, basi. Alikaa kitandani anacheka na ndugu zake, akaomba chai. Nami nikaenda kumtafutia. Niliporudi na kikombe, mtu keshakakamaa, macho yamegeuka, povu linamtoka, na kitanda kinagonga ukuta. Nikakumbuka tulivyokuwa tukifanya nyumbani, nikachopoa kijiko kwenye chai nikamwendea mdomoni.

Bi Arafa alinipiga kofi mkononi mpaka kijiko kikaruka. "Cha nini hicho? Unataka kumlisha?" Akamlaza ubavu, akamsogezea mbali kila kilicho kigumu, kisha akainua ile saa yake ya kifuani, inayoning'inia kichwa chini, akawa anaitazama. Hakufanya jengine. Niliona kama mwaka mzima unapita. "Dakika moja na nusu," akasema alipotulia yule mtu. "Andika. Kisha kamwite daktari, na ukimbie, ila vua viatu."

Yule mkwezi alipasuliwa siku ile ile akapona. Mimi nikaitwa pembeni. "Sikiliza, Tatu," Bi Arafa akaniambia. "Mtu aliyevunjika mguu utamuona. Anayevuja damu ndani ya fuvu atakuomba chai. Kichwa hakisemi kweli siku ya kwanza, na wenye mgonjwa nao hawasemi. Kwa hiyo vidole vyako ndio vitakavyokuambia. Papasa kichwa kizima kama unayetafuta chawa, na nywele usiziombe ruhusa." Nikaitikia, "Naam, Bi." Kuitikia ni rahisi.

Miaka kadhaa baadaye nikahamishiwa kusini, kituo kidogo mbele ya Bwejuu, hicho hicho nilichowaachieni. Kituo kilikuwa na vyumba vitatu, kitanda kimoja cha kuzalisha, na droo moja iliyojaa vijiko. Vijiko hivyo si vya kituo. Ni vile nilivyovitoa vinywani mwa watu waliopigwa na degedege, vyengine vimepinda, kimoja kina jino. Kila mgeni akiuliza nilimwonesha droo badala ya kuhubiri. Bodaboda zilipoingia, vichwa vikaongezeka. Vijana wa kule kofia ngumu wanaivaa kiwikoni, nadhani wanajua akili zao zimekaa wapi.

Sasa nije kwa Mize.

Mize alikuwa fundi cherehani, ana miaka ishirini na mbili, na gauni langu la Idd alilishona yeye. Aliposwa na Haji, dereva wa gari la watalii, na harusi ilikuwa Ijumaa. Kama kawaida yetu, alishawekwa ndani wiki nzima chini ya kungwi, Bi Mwatima, mwanamke aliyewafunda na kuwapamba mabibi harusi wa vijiji vitatu. Kila siku anasuguliwa mwili kwa singo ya mafuta na manukato, anafukizwa udi, mlangoni hatoki. Jumatano saa nne asubuhi wakamleta kituoni, kafunikwa buibui na kanga mbili juu yake. Alikuja na mama yake, Bi Kazija, na huyo Bi Mwatima.

"Asubuhi hii alipokuwa anamaliziwa kusukwa, kakakamaa, kajikojolea, kisha kalala fofofo," akasema Bi Kazija. "Ni masheitani ya upande wa baba yake, Bi Tatu. Mie nilitaka fundi wa kumzungua, ayatoe. Ila Haji kapiga simu, kasema lazima tupite kwako kwanza."

Nikamkalisha. "Mize, mwanangu, kichwa kinauma?"

"Naam."

"Tangu lini?"

Akamtazama Bi Mwatima.

"Umeanguka popote?"

"Aanguke wapi?" akadakia Bi Mwatima. "Mwari yumo ndani siku ya saba, hata ua haujui. Katapika mara mbili, basi. Wote hutapika. Huo woga wa harusi."

Nikampima malaria, hana. Sukari nzuri. Mapigo ya moyo yalikuwa polepole kuliko kawaida, nikajiambia ni msichana tu, ana moyo wenye nguvu. Kisha nikainua kanga ili nipapase kichwa. Wallahi, harufu ile naisikia mpaka leo, asmini na udi na singo. Nywele zilikuwa zimesukwa mistari myembamba kama iliyochorwa kwa kalamu, na upande wa kulia, juu ya sikio, limeshonewa shada zima la asmini.

Bi Mwatima akanishika kiganja, kwa adabu kabisa. "Bi Tatu, nywele hizi nimezianza baada ya sala ya alfajiri. Ukizitia mkono zishaharibika, na leo jioni ndio hina. Tena mwari kufumuliwa kabla ya siku yake ni kisirani. Na weye wajua."

Nilijua. Mie mtoto wa hapa hapa, nami niliwekwa ndani nikasukwa, na mtu angenifumua siku ile mama yangu angezimia. Nikatazama zile nywele, nikaona kazi ya mtu, nikaona haya. Nikautoa mkono.

Hilo ndilo kosa langu, wanangu, na sikulisema hadharani miaka yote hiyo. Mnaponisifu ati Bi Tatu hakosei, nilikuwa nanyamaza tu. Niliandika kitabuni: degedege mara moja, sababu haijulikani. Haijulikani! Sababu ilikuwa chini ya kidole changu. Nikawaambia likirudi wamlete mara moja, wakashukuru, wakaondoka.

Mchana nikakaa na sahani ya wali nikashindwa kula. Kila nikitia tonge mkononi nayahesabu yale mapigo. Moyo wa polepole, kutapika, usingizi, na msichana anayemtazama mtu mwengine kabla ya kujibu. Nikamsikia Bi Arafa, ambaye wakati huo alishatangulia mbele ya haki, akiniuliza kwa sauti yake ile ile isiyopanda: umepapasa? Nikasema kwa sauti peke yangu chumbani, "Sikupapasa." Nikachukua mkoba, tochi na dawa ya kukatisha degedege, nikafunga kituo kwa ufunguo. Ni mara ya pekee niliyofunga kituo mchana, nanyi msinifuate katika hilo.

Nilipofika kwa Bi Kazija adhana ya alasiri ilikuwa imeshatoka. Uani wanawake walikuwa wanakuna nazi na kuchambua mchele wa biriani la mkesha. Kutoka chumbani ikasikika sauti niliyoijua, kitanda kinagonga ukuta.

Nikasukuma mlango. Moshi wa ubani ulijaa mpaka macho yakauma. Wanawake sita wamemlalia Mize mikono na miguu, mmoja anamkaza kijiko kati ya meno, na Bi Kazija kainama na bakuli la kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, anataka kumnywesha.

"Muacheni!"

"Bi Tatu, hiki ni kisomo, ni maneno ya Mungu!"

"Najua ni maneno ya Mungu. Aya haziharibiki kwa kungoja. Akinyweshwa sasa yatakwenda mapafuni, atakufa na bakuli mkononi mwako. Weka chini, dada yangu. Na chetezo kitoeni. Nyie nanyi ondokeni juu yake, mtamvunja!"

Nikamgeuza ubavu, nikakitoa kijiko, nikamfuta povu kwa ncha ya kanga. Mmoja akanipigia kelele nisiguse povu litaniambukiza. Nikamwambia kama linaambukiza mie ningeshaanguka miaka ishirini nyuma. "Limeanza lini?"

"Tangu adhana."

Nikatazama saa. Adhana ilitoka dakika tisa nyuma, na degedege likipita dakika tano basi si la kungojea. Nikampa dawa kwa njia ya haja kubwa, nyuma ya kanga waliyonishikia. Dakika ya kumi. Ya kumi na moja. Dakika ya kumi na tatu viungo vikalegea, akavuta pumzi moja ndefu yenye mkoromo, na mama yake akaanza kulia akidhani ndio roho inatoka.

Nikamfungua macho nikammulika kwa tochi. Mboni ya kushoto ilisinyaa ilipoona mwanga. Ya kulia ilikuwa kubwa, wazi, inautazama mwanga kama hauoni. Jicho la namna ile ni la mtu ambaye ubongo wake unabanwa, na nafasi inakwisha.

"Huyu kaanguka," nikasema. "Mjini wakidhani ana kifafa watamweka kitandani wampe vidonge. Wakijua kaanguka, wataandaa chumba cha kupasulia kabla hatujafika. Nakuulizeni mara moja tu. Nani kamuona akianguka?"

Kila mmoja akamtazama mwenzake.

Nikapiga magoti kichwani pake, nikalishika lile shada la asmini. Mkono ukaja ukanikamata, mkono wenye hina mpaka kiwiko. Bi Mwatima. Nikamtazama usoni, nami hasira zimenipanda. "Asubuhi ulinizuia nikakuheshimu. Sasa niachie."

Hakuniachia. Alinisukumia kando. Kisha akaketi mwenyewe, akakichukua kichwa cha Mize mapajani pake, na vidole vyake vikaanza kufumua. Sijapata kuona vidole vinakwenda kasi namna ile. Asmini zilimwagika mkekani. Na huku anafumua analia.

"Jumamosi," akasema. "Chooni. Nilimsugua singo, sakafu ina mafuta, akateleza akajipiga kwenye ukingo wa birika la maji ya kuogea. Akazirai kidogo, akaamka, akacheka. Nikamwambia asimwambie mtu. Watu watasema kungwi kamtia mwari kisirani, nani tena ataniletea mwanawe? Leo nilipomsuka nilikiona kinundu. Nikakifunika na maua. Nilikifunika, Bi Tatu! Nimemuua mtoto wa watu!"

"Bado," nikamwambia. "Fumua."

Tukafumua mikono minne. Chini ya ile mistari mizuri vidole vyangu vikaingia mahali laini kama embe bivu, upana wa kiganja. Bi Kazija alipoona akapiga yowe moja tu, akamwendea Bi Mwatima amkabe. Nikamzuia kwa bega. Nikasema ugomvi tutaufanya tukirudi, nami nitakuwa shahidi.

Gari ya wagonjwa ilikuwa Makunduchi na mzazi. Gari iliyokuwapo ni ya Haji, imepaki nyuma ya msikiti. Wanawake wakaruka, bwana harusi hawezi kumuona mwari, tena kichwa wazi! Nikasema amuone hai au amuone kwenye jeneza, wachague. Bi Mwatima ndiye aliyevua kanga yake mwenyewe, akamfunika Mize nywele, akatoka uani kichwa wazi yeye, kungwi mzima, akapaza sauti, "Haji! Njoo umbebe mkeo!"

Haji akaingia mbio. Akambeba, akaweka gari barabarani. Nami nyuma, kichwa cha Mize nimekiinua kidogo mapajani, saa mkono mmoja, simu mkono mwengine. "Msichana, miaka ishirini na mbili, kaanguka tangu Jumamosi, mboni ya kulia kubwa." Daktari wa mjini upande wa pili akasema neno moja: "Njooni." Lile neno kaanguka ndilo lililofungua mlango.

Pale Jozani matuta yamewekwa kwa ajili ya kima. Haji akapunguza mwendo kwa kila tuta, kwa sababu nilimwambia kichwa kisitikiswe, na kila akipunguza nilimsikia akisema "Yaa Latifu" kwa chini. Kima wawili wakakatiza njia taratibu, wanatutazama. Sijapata kumchukia mnyama kama siku ile. Kabla ya Tunguu Mize akaanza tena, mkono wa kushoto tu, unaruka ruka. Nikampa dawa iliyobaki. Mwanakwerekwe sokoni magari hayaendi. Haji akashusha kioo akatoa kichwa nje, na yule kijana asiyepata kupandisha sauti akapiga kelele, "Nina mgonjwa! Nina mke wangu humu!" Watu wenyewe wakasukuma mikokoteni pembeni, wauza mboga wakanyanyua matenga, tukapita.

Hospitalini walimnyoa nywele zote. Magharibi inaadhiniwa, wakamtoa damu iliyoganda. Daktari, kijana angeweza kuwa mwanangu, akaniambia, "Bi, nusu saa nyengine tusingekuwa na la kufanya. Nani aligundua?"

Mdomo ulinifunguka kusema mimi. Nashukuru ulifunga tena. "Kungwi wake," nikasema.

Mize akaamka siku ya tatu, akauliza kama biriani limekwisha. Mkono wa kushoto ulimchelewa miezi, na vidonge vya kuzuia degedege alivimeza miaka miwili, bila kuruka hata siku moja, kwa sababu nilimhesabia mwenyewe. Mama yake Haji alisema mwanawe haoi mwenye kifafa. Haji akamjibu mbele yangu, "Mama, abiria wangu nshampakia. Simshushi njiani." Wakaoana msimu wa vuli, bi harusi ana nywele urefu wa kucha. Bi Kazija hakutaka kungwi mwengine. Alisema yule ndiye mwenye deni la kumpamba, na hapo wakalia wote wawili, nami nikaenda kuchungulia sufuria.

Tangu hapo ndipo mkanikuta na ile sheria yangu mliyokuwa mkiinung'unikia, kila kichwa kifumuliwe, awe bi harusi, awe mtoto wa shekhe. Mlidhani ni ukali wa uzee. Ni aibu yangu ile, nimeifanya sheria.

Siku yangu ya mwisho kazini iliangukia siku ya tatu ya Idd. Nyinyi mlikuwa ndani mnakata keki mkidhani sijui. Mize akaingia na binti yake wa miaka sita, aliyeanguka kwenye bembea. Mtoto ana gauni la sikukuu, hina mkononi, na kichwani nywele zimetimka zote, zimesimama huku na huku.

"Bi, nimeangalia saa," Mize akasema kabla sijauliza. "Dakika ishirini na tano. Hajazirai, hajatapika. Kinundu kipo hapa, kigumu."

Nikapapasa na mimi, kichwa chote, taratibu. Kinundu kidogo, kigumu, cha kawaida. Mboni sawasawa. Nikamwambia tutakaa naye mpaka jioni. Kisha nikauliza nani alimsuka mtoto kwa Idd, maana mawimbi ya mistari yalikuwa bado yanaonekana kwenye nywele, kazi ya mkono niliyoijua.

Mize akaonesha nje kwa kidevu. Bi Mwatima, mgongo umeshapinda, alikuwa kakaa benchini chini ya dirisha, ngumi kaifumba mapajani. Nikatoka, nikaketi kando yake. Akaifungua ngumi polepole, imejaa asmini zilizosagika.

"Zihesabu ukitaka, Bi Tatu," akasema. "Hata moja sikuibakisha kichwani."